Nyumba Iseme Lini, Ionyeshe Lini

Hotuba kwa mafundi umeme, wanafunzi wa ufundi na wenye nyumba

Ndugu mafundi, wanafunzi, na nyinyi wenye nyumba mliokuja kujionea kama mambo haya yana faida kwenu, habari za asubuhi.

Mteja anayerudi kwa fundi kulalamikia matangazo ya sauti, yaani mfumo wa nyumba unaosema kupitia spika tangi likikauka au geti likibaki wazi, mara nyingi mfumo wake ni mzima. Kinachomkera ni kwamba unaongea mno. Taa ya uani ikizimwa nyumba inasema, maji yakifika nusu inasema, mtoto akifungua mlango inasema. Wiki ikipita, watu wa nyumba hiyo hawasikii tena chochote, hata siku tangi linapokauka kweli. Wengine huishia kuchomoa spika. Kwa hiyo kabla ya kugusa waya na programu, tuanze na uamuzi: kipi kipewe sauti, na kipi kipewe kioo, yaani skrini ya kuonyesha maandishi.

Sisi tunafuata kanuni hii. Sauti ni ya jambo linalomtaka mtu ainuke sasa hivi. Kioo ni cha jambo ambalo mtu ataliangalia akipita. Tangi lenye maji asilimia 63 halimwinui mtu. Liandike kwenye kioo, yaishe. Tangi lililoshuka chini ya asilimia 20 na pampu bado imelala, hilo litangaze. Geti kufunguliwa si habari, maana aliyelifungua anajua. Geti kubaki wazi dakika tano ni habari. Umeme kukatika mchana hauhitaji mtangazaji, feni ikisimama kila mtu ameshaona. Lakini umeme ukirudi usiku wakati nyumba inatumia inveta, watu hawajui, wanaendelea kubana matumizi bure. Hapo kengele fupi inatosha, bila neno hata moja.

Nyumba ya kawaida ya Dar es Salaam, yenye simtanki juu, pampu chini, mita ya Luku na inveta ndogo, inatosheka na matangazo sita au saba. Yakizidi kumi, kaa na mwenye nyumba mpunguze.

Sasa sentensi yenyewe. Ipange hivi: kengele, mahali, jambo, halafu la kufanya. "Tangi la juu. Maji yako chini ya asilimia ishirini. Washa pampu." Linganisha na ile tunayoikuta mara nyingi: "Tafadhali zingatia kwamba kiwango cha maji katika tangi la juu kimepungua." Anayesikiliza yuko jikoni, mafuta yanachemka, mtoto analia. Mpaka sentensi ifike kwenye tangi, amepoteza mwanzo wake. Mahali patangulie kwa sababu ndipo mtu anapoamua kama jambo linamhusu.

Kengele ina kazi mbili. Ya kwanza ni kuwaamsha masikio. Ya pili wengi hawaijui: spika za bluetuthi na amplifaya nyingi husinzia kukiwa kimya, na zikiamshwa humeza nusu sekunde ya kwanza. Ndiyo maana "Tangi la juu" linasikika "la juu", fundi anahangaika kutafuta kosa kwenye programu wakati programu haina kosa. Weka kengele ya sekunde moja, au kama mwenye nyumba hapendi kengele, weka sekunde moja ya ukimya mwanzoni mwa faili. Tatizo litakwisha.

Kurudia tangazo mara mbili kuwe kwa hatari tu.

Tuje kwenye sauti inatoka wapi. Kuna njia tatu, na kila moja ina mahali pake.

Ya kwanza ni sauti ya mtu iliyorekodiwa, ikawekwa kwenye memori kadi ndani ya kichezaji kidogo kama DFPlayer Mini. Haitaki intaneti wala kompyuta. Chipu yoyote inayoweza kutuma amri kwa waya kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde inatosha. Kwa nyumba ambayo mtandao unapotea kila mara, hii ndiyo tunayoipendekeza, hata kama inaonekana ya kizamani. Kadi iwe ya GB 32 au chini ya hapo, ifomatiwe FAT32. Faili ziingie kwenye folda iitwayo mp3, zipewe majina 0001.mp3, 0002.mp3 na kuendelea. Hapa ndipo watu hupotelea: amri ya kawaida ya "cheza namba tatu" haifuati majina ya faili. Inafuata mpangilio ambao faili ziliandikwa kwenye kadi. Ukinakili zote kwa mkupuo, kompyuta inaweza kuziandika kwa mpangilio wake, na nyumba ikatangaza geti wakati maji ndiyo yameisha. Tumia amri inayolenga folda ya mp3, hiyo inatazama namba iliyo kwenye jina. Na kama ulinakili kwa kompyuta ya Mac, futa zile faili zilizofichwa zinazoanza na nukta na mstari wa chini, kwa sababu kichezaji huzihesabu nazo kuwa nyimbo.

Kwenye waya wa kupokea amri wa DFPlayer weka rezista ya kiloomu moja kwa mfululizo, vinginevyo utasikia mnong'ono usioisha kwenye spika. Karibu na pini ya umeme weka kapasita ya mikrofaradi 470 hadi 1000, kwa sababu sauti ikipanda ghafla moduli huvuta mkondo mkubwa kwa mkupuo, volti zikishuka inajizima na kuwaka upya katikati ya neno. Pini mbili za spika ziende kwenye spika tu. Usiunganishe hata moja na ardhi ya saketi. Zote mbili zinasukuma, na ukizifunga ardhini utaunguza moduli.

Mwenye kurekodi asiwe mtangazaji wa redio. Sauti ya mtu wa nyumbani, inayosema kwa utulivu, inasikika vizuri zaidi. Rekodini ndani ya chumba chenye nguo na mapazia, simu ya kawaida ikiwa umbali wa shubiri moja, halafu kata ukimya wa mwanzo na sawazisha faili zote ziwe na nguvu moja. Bila kusawazisha, neno "tangi" litanong'ona na neno "asilimia" litapiga kelele.

Kuhusu tarakimu, Kiswahili kimeturahisishia kazi. Kwa sifuri hadi mia moja unahitaji faili 21 tu: sifuri, moja hadi kumi, ishirini hadi tisini kwa makumi, "mia", na "na". Thelathini na saba ni faili tatu zilizofuatana. Ila chagua vipimo vyako kwa akili. Dakika mbili, lita mbili, asilimia mbili, uniti mbili: neno "mbili" halibadiliki. Ukianza kutangaza vitu, vyumba au watu, utahitaji viwili, wawili, vinane, wanane, na faili zako 21 zitavunjika. Vilevile ujue kwamba kichezaji hiki huweka mwanya kati ya faili na faili, hivyo hesabu ya vipande vitatu inasikika kama mtu anayesoma kwa kusitasita. Ushauri wetu: achana na tarakimu kamili. Hakuna mtu chumbani anayehitaji kujua kwamba maji ni asilimia 37. Rekodi sentensi nzima kwa viwango vinne: kumi, ishirini, hamsini, limejaa. Sentensi nzima inasikika ya kibinadamu, na kazi inapungua.

Njia ya pili ni kompyuta ya nyumbani inayosoma maandishi. Wengi wenu mnatumia Home Assistant, programu huria ya kuendesha vifaa vya nyumbani iliyoanzishwa na Paulus Schoutsen mwaka 2013, na mwaka 2023 wenyewe waliutenga kuwa mwaka wa sauti. Kati ya matunda ya kazi hiyo ni Piper, inayogeuza maandishi kuwa sauti humohumo ndani ya kompyuta, hata kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 inaiweza. Piper ina sauti ya Kiswahili, nayo ilifunzwa kwa Kiswahili cha Kongo. Mtu wa Unguja au Tanga ataisikia lafudhi hiyo mara moja. Kwa maoni yetu haina ubaya wowote, inaeleweka, na inafanya kazi hata kebo ya mtandao ikikatwa barabarani.

Njia ya tatu ni huduma za mtandaoni. Microsoft ina Rehema na Daudi kwa Tanzania, Zuri na Rafiki kwa Kenya, na Google nayo inasoma Kiswahili. Sauti hizi ni laini kuliko nyingine zote. Udhaifu wake ni kwamba wakati unaouhitaji mfumo zaidi, yaani umeme umekatika, ndio wakati rauta huwa imezimika. Lakini kuna ujanja. Home Assistant hutunza faili ya kila sentensi iliyokwisha kusomwa, na sentensi ileile ikiombwa tena, herufi kwa herufi, inachezwa kutoka kwenye hifadhi bila kwenda mtandaoni. Kwa hiyo zungusha tarakimu kwenye makumi. Sentensi ya tangi itakuwa na sura kumi na moja tu, kuanzia sifuri hadi mia. Zichezeshe zote siku ya kufunga mfumo, mtandao ukiwepo, na tangu hapo zitasikika hata usiku wa giza. Ukiacha asilimia 37, 36, 35, kila moja ni sentensi mpya na kila moja itadai mtandao.

Kwa njia zote mbili za kusoma maandishi, andika unavyotamka. Usiandike 15%, andika "asilimia kumi na tano". Usiandike 220V, andika "volti mia mbili na ishirini". Luku iandikwe kwa herufi ndogo, maana ukiandika herufi kubwa tupu baadhi ya sauti huisoma herufi moja moja. Na chunga ule mkato wa ng' kwenye maneno kama king'ora: kibodi ya simu huweka mkato uliopinda badala ya ule ulionyooka, na mashine haiutambui. Utasikia "kin gora". Nakili maandishi yako kwenye kihariri cha kawaida na ubadilishe mikato yote.

Saa ni mtego mwingine. Kompyuta inajua saa 13:00. Bibi aliye sebuleni anajua saa saba mchana. Chukua saa ya kompyuta, ongeza 6, gawanya kwa 12, shika kinachobaki. Kikibaki sifuri, sema kumi na mbili. Saa 7 ya kompyuta inakupa 13, inabaki 1: saa moja. Saa 6 inakupa 12, inabaki sifuri: saa kumi na mbili. Saa 0 inakupa 6: saa sita usiku. Kisha ambatanisha wakati: 4 hadi 5 ni alfajiri, 6 hadi 11 asubuhi, 12 hadi 15 mchana, 16 hadi 18 jioni, zilizobaki ni usiku. Ukitaka kusema kasorobo, ongeza saa moja kwanza ndipo ufanye hesabu, la sivyo saa 12:45 itakuwa saa sita kasorobo, na nyumba nzima itachelewa swala au shule.

Spika. Kwa mafundi wanaotumia ESP32, ile chipu ndogo ya kuendesha vifaa yenye waifai, amplifaya ya MAX98357A ni ndogo, rahisi, na inatosha chumba. Ina waya tatu za sauti, BCLK, LRC na DIN, pamoja na umeme wa volti 5 na ardhi. Ikipewa volti 5 na spika ya oomu 4 inatoa wati 3 hivi. Pini ya GAIN ikiachwa bila waya ukuzaji ni desibeli 9. Ukiifunga ardhini unapanda hadi 12. Ukiipeleka kwenye volti 5 unashuka hadi 6. Anza na 9. Mafundi wengi huongeza ukuzaji wakati tatizo ni boksi. Spika ikining'inia wazi, sauti ya mgongoni inafuta ya mbele na utapata sauti nyembamba ya nyuki. Ifunge ndani ya boksi la mbao au plastiki nene lililozibwa, hata la lita moja, kisha sikiliza tofauti. Ukisikia mikwaruzo kila ESP32 inapotuma data kwa waifai, ipe amplifaya waya zake yenyewe za umeme kutoka kwenye adapta, usizipitishe kwenye bodi.

Mahali pa spika pachaguliwe na mvua. Nyumba ya bati mvua kubwa ikinyesha hakuna spika ya wati 3 itakayosikika, na ndio wakati geti lililoachwa wazi au maji yanayofurika yana maana. Kwa hatari mbili tatu muhimu weka pia taa inayowaka na kuzima. Saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi sauti ishuke, na matangazo yote yazimwe isipokuwa ya hatari. Barazani na nje usitangaze kamwe kwamba hakuna mtu nyumbani au kwamba king'ora kimezimwa. Jirani anasikia, na mpita njia pia.

Sasa niende kwenye kinachoharibu sifa za mafundi kuliko kitu kingine: tangazo la uongo.

Tangi. Sensa ya mawimbi ya JSN-SR04T, isiyoingia maji, hufungwa kwenye mfuniko ikitazama chini. Haioni kitu kilicho karibu zaidi ya sentimita 20 hadi 25. Tangi likijaa mpaka kwenye mfuniko, inasoma umbali wa ajabu, na mfumo unadhani tangi ni tupu. Inyanyue sensa kwa kipande cha bomba pana, lisilogusa miale yake. Isimame mbali na bomba linaloingiza maji, maana maporomoko hurudisha mwangwi wake. Waya wa mwangwi unatoa volti 5 na ESP32 inataka 3.3, kwa hiyo weka rezista ya kiloomu 1 kutoka kwenye sensa na ya kiloomu 2 kwenda ardhini, uchukue katikati. Hesabu ni nyepesi. Tuseme tangi likiwa tupu sensa inasoma sentimita 130, likijaa inasoma 25. Tofauti ni 105. Ikisoma 109 maji yamepanda sentimita 21, na 21 kwa 105 ni asilimia 20. Pima tangi lako mwenyewe, usichukue namba za mtu.

Uso wa maji unatikisika. Ukiweka tangazo chini ya asilimia 20 bila kinga, tangi likiwa kwenye 20 litasema, litanyamaza, litasema. Chukua vipimo saba, panga, shika cha katikati. Kisha tenganisha mpaka wa kusema na mpaka wa kusahau: liseme likishuka chini ya 20, na lisiruhusiwe kusema tena mpaka lipande juu ya 30.

Umeme. Mafundi wengi wanatumia moduli ya PZEM-004T kupima volti na uniti, na wanataka itangaze umeme ukikatika. Moduli hii upande wa kupima unalishwa na umeme uleule wa mita. Umeme ukikatika haisomi sifuri. Hainijibu kabisa, wala haitakujibu wewe. Kwa mfumo, kimya hicho hakina tofauti na waya uliochomoka. Ukiandika "volti zikiwa chini ya 50, tangaza," tangazo halitatoka kamwe. Weka rilei yenye koili ya volti 230 ndani ya boksi lililofungwa, miguu yake ya swichi ndiyo iende kwenye ESP32. Hiyo haina ubishi. Na upande wa volti 230 ufanywe na mwenye leseni.

Baada ya umeme kurudi, kifaa kimoja kimoja kinaamka na kupiga ripoti. Kutoka hali ya "haipatikani" kwenda "wazi", kutoka "haijulikani" hadi asilimia 12. Mfumo usiofungwa vizuri unachukulia kila ripoti kuwa tukio jipya, na nyumba inaropoka matangazo saba saa nane za usiku. Dawa ni mbili, weka zote: kwenye masharti taja hali ya kutokea, kwa mfano kutoka "imefungwa" kwenda "wazi" pekee, na zuia matangazo yote dakika tatu baada ya mfumo kuwaka. Kisha yapitishe matangazo yote kwenye skripti moja yenye mtindo wa foleni. Kwenye Home Assistant mtindo huo unaitwa queued. Bila foleni, la pili linakata la kwanza na hakuna linaloeleweka. Kwa DFPlayer, pini ya BUSY hushuka chini wakati inacheza. Subiri ipande ndipo utume linalofuata.

Tumefika kwenye vioo.

Kioo cha herufi 16 kwa mistari miwili, kile cha bei ndogo chenye taa ya bluu au kijani, bado ni rafiki wa fundi. Kikiwaka bila kuonyesha maandishi, kabla hujalaumu chochote zungusha skrubu ndogo ya bluu mgongoni. Ni ya ukolezi. Ukiona mstari mmoja wa vibox vilivyojaa, kioo kina umeme lakini hakijapata amri: angalia anwani, ni 0x27 au 0x3F kulingana na chipu ya mgongoni. Kiswahili kina vitenzi virefu, na herufi 16 ni chache. "Umeme umekatika" inaingia, ni herufi 15. "Pampu inafanya kazi" ni 19, haiingii. Andika "Pampu IMEWAKA". "Geti wazi dk 7" inatosha. Zoea kuhesabu kwenye karatasi kwanza. Usitembeze maandishi, anayepita hatasimama kuyasubiri.

Kioo kidogo cha OLED cha inchi 0.96 ni kizuri mezani na hakifai ukutani, hakisomeki ukiwa mbali kuliko urefu wa mkono. Kina kasoro ya kuungua: maandishi yasiyobadilika yanaacha kivuli. Kizime, kiwashwe na sensa ya mwendo mtu akikaribia. Ukinunua cha inchi 1.3, mara nyingi chipu yake ni SH1106 na si SSD1306 kama ya kile kidogo. Ukiikosea kwenye programu, picha itasogea pikseli mbili na ukingoni kutakuwa na chenga.

Kinachofaa ukutani karibu na mlango, kwa maoni yetu, ni kioo cha karatasi ya kielektroniki. Cha inchi 7.5 kina pikseli 800 kwa 480, kinasomeka hata jua likiingia sebuleni, na hakitumii umeme kushikilia picha. Sifa hiyohiyo ndiyo hatari yake. Umeme ukikatika na kidhibiti chake kikizimika, kioo kitaendelea kuonyesha "Umeme upo, tangi 80%" kwa uso mkavu, siku nzima ukipenda. Kwa hiyo sheria isiyo na msamaha: chini kabisa andika saa ya mwisho kusasishwa, na uifanye kubwa. "Imesasishwa saa 3:40 asubuhi." Mtu akiona ni mchana, anajua asiamini.

Waveshare, wanaovitengeneza kwa wingi, wanashauri pasipungue sekunde 180 kati ya usasishaji na usasishaji, na kioo kisasishwe angalau mara moja kwa saa 24. Vya rangi tatu vinavutia dukani, lakini vinamemeteka kwa sekunde nyingi kila vinapobadilika. Chukua cheusi na cheupe. Kumbuka kuorodhesha herufi za fonti: kwenye ESPHome, programu ya kupangia ESP32, herufi ambayo hukuitaja haitaonekana, na zinazosahaulika kila mara ni alama ya asilimia, ya nyuzi, na ule mkato wa ng'. Ukubwa wa herufi uwe sentimita moja kwa kila mita mbili za umbali wa msomaji. Ukitaka bibi asome tangi kutoka kwenye kochi lililo mita tatu, namba iwe na kimo cha sentimita moja na nusu.

Kuhusu tableti kuukuu ukutani, nina neno moja: betri. Ikikaa kwenye chaja usiku na mchana huvimba, na kioo huinuka. Iunganishe kwenye soketi ya kuwashwa na mfumo, ianze kuchaji ikifika asilimia 40, iache ikifika 80.

Yote haya yanahitaji umeme wa akiba. Rauta inakula kama wati 10, Raspberry Pi 4 na spika zake kama 5, jumla 15. Betri ya asidi ya volti 12 na Ah 7, yaani ampea-saa 7, ina wati-saa 84, na ukitaka idumu tumia nusu tu, 42. Gawa kwa 15: chini ya saa tatu, kabla ya hasara za kibadilishaji. Betri ya lithiamu ya aina ya fosfati, volti 12.8 na Ah 6, itakupa kama saa nne, maana hiyo huvumilia kutumiwa zaidi ya nusu. Kompyuta isiendeshwe kwa memori kadi kwenye maeneo ya kukatika-katika; kadi huharibika umeme ukikatwa katikati ya kuandika. Weka diski ya SSD.

La mwisho ni gesi, na hapa sina utani. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini, kwa hiyo sensa ikae kama sentimita 30 kutoka sakafuni. Sensa za MQ-6 zinahitaji kupashwa moto. Karatasi ya kiwandani inataka zaidi ya saa 24 kabla ya kuamini vipimo vyake. Zitumie kama nyongeza. Nunua pia kifaa kamili cha kutambua gesi chenye king'ora chake na betri yake, kisichosubiri kompyuta wala waifai. Na maneno ya tangazo yapimwe: "Gesi jikoni. Usiguse swichi. Zima mtungi, fungua madirisha, tokeni nje." Usiandike mfumo uwashe taa au feni ya jikoni gesi ikitambuliwa, tumeona mipango ya namna hiyo kwenye mifano ya mitandaoni, na cheche ya swichi inatosha kulipua.

Kabla ya kukabidhi nyumba, zima swichi kuu, kaa robo saa, washa. Sikiliza nyumba inasema nini dakika tano za kwanza. Ikisema kitu zaidi ya kengele moja, kazi yako haijaisha. Kisha chomoa rauta, mwaga maji ya tangi mpaka chini ya mpaka, uone kama tangazo linatoka bila mtandao. Mwisho mwambie mtu wa nyumba aliye mzee kuliko wote asimame mbali na spika akueleze alichosikia, kwa maneno yake.

Kwenye meza ile pale kuna kichezaji chenye kadi iliyopangwa vibaya kwa makusudi, kioo cha herufi 16 chenye skrubu iliyofungwa, na tangi la ndoo lenye sensa. Gawanyikeni watu wanne wanne, mvitengeneze, halafu tuchukue maswali.